Shamba la Nyuma ya Jikoni



Siku moja mwalimu wetu wa biolojia aliingia darasani, akaacha kitabu mezani, akatuuliza: "Jana jioni mulikula nini?" Tulidhani ni mchezo. Karibu wote tulijibu: "Bundu." Akauliza tena: "Bundu na nini?" Hapo majibu yakawa mbalimbali. Wengine sombe, wengine maharagi, wengine kipande cha samaki ya chumvi kilichogawanywa kwa watu wanane. Tulikuwa tunacheka. Kisha mwenzetu mmoja aliyekaa nyuma akasema polepole: "Bundu na chumvi." Hakuna aliyecheka tena.

Tangu siku ile sisi wa kilabu cha bustani tumejiuliza neno moja. Hapa Mangina tuko karibu na mstari wa ikweta, mvua inanyesha miezi mingi ya mwaka, na udongo ni mzuri hata mbegu ya papai iliyotupwa ovyo inaota yenyewe. Inawezekanaje basi mtoto wa Mangina ale bundu na chumvi? Tuliuliza wazazi, tukauliza wauguzi na waalimu, tukajaribu kwa mikono yetu nyuma ya darasa. Katika ukurasa huu tunaeleza yale tuliyoyapata, ili kila mmoja ayapime nyumbani kwao.

NJAA YETU INATOKA WAPI?

Sababu ya kwanza kila mtu anaijua, wala si vizuri kuificha. Tangu Oktoba 2014, mauaji yalipoanza katika teritwari ya Beni, shamba la mbali si mahali pa amani tena. Zamani baba aliondoka alfajiri na panga lake, akatembea saa mbili, akarudi jioni na mkungu wa ndizi. Leo anasimama kwanza njiani kuuliza habari. Kuna wazazi waliokwenda shambani na hawakurudi, na watoto wao wamo katika madarasa yetu. Watu wengine wameacha mihogo ardhini mpaka imekuwa migumu kama kuni. Mama mmoja alituambia hivi: "Chakula iko, lakini iko kule. Miye niko huku."

Sababu ya pili ni kakao. Hatutaki kuisema vibaya, kwa kuwa wengi wetu tunalipiwa masomo na kakao. Wazee wanakumbuka vizuri namna ilivyokuja kwa wingi. Mbele yake kulikuwa kahawa ya Robusta. Kahawa ikapigwa na ugonjwa wa kunyauka unaoitwa trakeomikozi. Katika miaka ya 1990 na baadaye, miti ilikauka mmoja mmoja, watu wakaing'oa na kuichoma, wakatafuta zao lingine. Kakao ikapendwa, ikapandwa kando ya mto, kando ya njia, na hatimaye mpaka ukutani mwa jiko.

Lakini kakao haichemshwi kwa chakula cha jioni. Inauzwa, na bei yake haipangwi Mangina wala Beni, inapangwa katika masoko ya London na New York. Mwaka 2024 bei ya huko ilipita dola 10,000 kwa tani moja, jambo ambalo halikuwa limeonekana kamwe. Mwaka 2025 ikateremka tena. Mtu aliyeng'oa matembele yake ili apande kakao alifurahi mwaka mmoja. Mwaka uliofuata alikuwa na franka chache, na mboga hana. Tena hata mwenye franka anaweza kulala njaa: njia ya Beni ikifungwa siku tatu, kabichi na karoti za Butembo na Lubero hazifiki, na zile chache zilizoko sokoni zinapanda bei.

Sababu ya tatu iko katika vichwa vyetu. Tumezoea kwamba chakula ni bundu, na mboga ni kitu cha kuteremshia bundu tu. Tumbo likijaa tunasema tumekula. Kumbe tumbo linaweza kujaa na mwili ukabaki na njaa.

KUJAA NA KULA SI KITU KIMOJA

Katika masomo tumefundishwa kwamba vyakula viko vya namna tatu. Kuna vyakula vya kutia nguvu: mihogo, ndizi, mchele, viazi, mafuta. Kuna vyakula vya kujenga mwili: maharagi, soya, karanga, mayai, samaki, nyama. Na kuna vyakula vya kulinda mwili: mboga za majani na matunda, ambamo mna vitamini na madini.

Nyumba nyingi hapa kwetu zina kundi la kwanza, hata wakati wa shida. Makundi mawili mengine ndiyo yanakosekana, na matunda ya kukosekana kwake tunayaona kwa macho. Mtoto aliyeachishwa ziwa na kupewa uji wa mihogo mitupu anavimba miguu na uso, nywele zake zinageuka rangi na kuwa nyepesi, anakuwa mwenye huzuni, hataki kucheza. Hiyo ndiyo bwaki. Watu wa nje wanadhani amenenepa, kumbe amejaa maji. Waganga wanaiita kwashiorkor, jina lililotoka kwa watu wa Ghana na kuandikwa katika vitabu vya uganga na daktari Cicely Williams katika miaka ya 1930. Mtoto wa namna hiyo apelekwe kituo cha afya upesi. Nyumbani hatapona kwa uji tu.

Mama mwenye mimba asiyepata chuma cha kutosha katika chakula anapungukiwa na damu. Anachoka, anahema akipanda mlima mdogo, na akitokwa na damu wakati wa kuzaa yuko hatarini. Mtoto asiyepata vitamini A macho yake hayaoni vizuri jioni, na magonjwa kama surua yanamshika kwa ukali zaidi.

Kuna tena jambo moja la mihogo ambalo watu wanaokimbia vita wanapaswa kulijua. Mihogo michungu ina sumu ndani yake. Mama zetu wanaijua tangu zamani, ndiyo maana wanailowesha mihogo majini siku tatu au zaidi, wakaianika, ndipo wakaitwanga. Wakati wa njaa watu hufupisha kazi hii: wanalowesha siku moja, wanakausha haraka, wanakula. Wakila hivyo wiki nyingi, bila maharagi wala samaki, ugonjwa wa konzo unaweza kuwashika. Miguu inakakamaa ghafula, na haiponi kabisa. Daktari Trolli aliandika habari zake mwaka 1938 katika nchi ya Kwango, upande wa magharibi wa Kongo yetu. Mwili unaweza kuitoa sumu kidogo kidogo, lakini kwa kazi hiyo unahitaji vyakula vya kujenga. Maana yake ni kwamba maharagi kando ya bundu si anasa. Yanalinda hata miguu yako.

SIKU ISHIRINI NA MOJA

Tarehe 1 Agosti 2018 serikali ilitangaza ugonjwa wa Ebola, na jina la Mangina likasikika dunia nzima. Ugonjwa ule ulidumu mpaka tarehe 25 Juni 2020. Katika Kivu ya Kaskazini, Ituri na Kivu ya Kusini watu zaidi ya 3,400 waliugua, na zaidi ya 2,200 wakafa. Sisi tulikuwa wadogo, lakini tunakumbuka harufu ya klori na ndoo za kunawia mikono kila mlango.

Tunakumbuka pia siku 21. Mtu aliyegusana na mgonjwa alifuatiliwa siku 21 na wauguzi, asiende mbali, apimwe joto kila siku. Ikiwa ni mkulima ambaye chakula chake kiko saa mbili kutoka nyumbani, atakula nini? Ndiyo sababu shirika la chakula la Umoja wa Mataifa, PAM, liligawia watu hawa unga, maharagi na mafuta, ili wasilazimike kuondoka.

Sasa sikilizeni hesabu hii. Lengalenga iliyopandwa leo, ikiwa na maji na mbolea, baada ya wiki tatu mpaka nne tu unaweza kuanza kuipunguza na kuipika. Ni karibu siku zile zile 21. Hatusemi kwamba lengalenga ingeondoa Ebola, wala kwamba inafukuza vita. Tunasema kwamba wakati mguu hauwezi kwenda mbali, kwa ugonjwa ao kwa bunduki, shamba linalobaki ni lile ambalo unalifikia ukiwa na viatu vya nyumbani. Hilo ndilo tunaliita shamba la nyuma ya jikoni.

Na tuseme ukweli wote: shamba hili dogo halitoi bundu ya watu wanane. Mihogo, mpunga na ndizi vinataka nafasi kubwa, na amani. Lakini yale yanayokosekana katika sahani yetu, yaani majani, maharagi kidogo, tomati, papai, hayo yanatoka vizuri katika nafasi ndogo. Na franka ambayo haikununua mboga inaweza kununua samaki, sabuni ao daftari.

NAMNA YA KUTENGENEZA

Tunaandika kazi kwa mpangilio, jinsi tulivyoifanya wenyewe, pamoja na makosa yetu.

1. Mahali. Chagua mahali panapopata jua nusu ya siku zaidi, karibu na jiko na maji. Chini ya kakao ao chini ya safu mboga inarefuka na kuwa dhaifu. Usipande karibu na choo.

2. Uzio. Sisi tulianza bila uzio. Mbuzi wa jirani walikuja siku ya Jumapili, tukakuta mashina matupu siku ya Jumatatu. Matete ao mianzi iliyopasuliwa inatosha, ikiwa imefungwa karibukaribu ili na kuku wasipite.

3. Tuta. Upana uwe metre moja, usizidi, ili mkono ufike katikati bila kukanyaga. Urefu ni kama nafasi yako. Lima mpaka kina cha karibu sentimetre 30, vunja mabonge, toa mizizi na mawe. Wakati wa mvua nyingi, yaani Machi mpaka Mei na tena Agosti mpaka Novemba, inua tuta kusudi maji yasisimame. Wakati wa jua la Januari na Februari, liache chini kidogo ili litunze maji.

4. Mbolea. Usinunue. Chimba shimo kivulini, tia maganda ya ndizi na mihogo, majani, takataka za jikoni, mavi ya mbuzi, kuku ao sungura, na majivu kidogo. Panga tabaka kwa tabaka, mwagia maji, funika na majani ya ndizi. Baada ya wiki tatu pindua. Baada ya miezi miwili ao mitatu itakuwa nyeusi na kunuka kama udongo wa pori. Maganda ya kakao ambayo tunayaacha yaoze ovyo shambani nayo ni mali, kwa kuwa yana potasi nyingi. Lakini yakatwe vidogo na yaoze kabisa ndani ya shimo mbele ya kutumiwa, juu ya ugonjwa wa matunda meusi unaokaa ndani yake. Kosa letu la pili lilikuwa haraka: tulitia mavi mabichi ya kuku, mimea ikaungua kama iliyomwagiwa maji ya moto.

5. Mbegu. Anza na mboga ambazo babu zetu walizijua. Hizo hazitaki dawa nyingi. Mbegu za lengalenga ni ndogo sana, zichanganye na mchanga ao majivu makavu ili zisianguke mahali pamoja. Matembele hayahitaji mbegu: kata vipande vya kamba ya viazi, urefu wa kama sentimetre 30, zika nusu yake, na baada ya mwezi mmoja na nusu hivi utaanza kuchuma majani. Maboga yapande pembeni, yapande juu ya uzio. Majani yake machanga ni mboga, na tunda lake ni chakula. Maharagi yanataka karibu miezi mitatu. Soya inachelewa kidogo zaidi, lakini ni chakula kikubwa cha kujenga mwili. Pembeni panda mpapai mmoja ao miwili. Baada ya mwaka hivi utakula.

Kama unapata viazi vitamu ambavyo ndani ni vya rangi ya machungwa, vipende kuliko vile vyeupe. Rangi ile ni karotini, na mwili unaigeuza kuwa vitamini A.

6. Kufunika. Kati ya mistari tandika majani makavu. Yanazuia jua lisikaushe udongo, na mvua kubwa isibebe udongo mpaka mtoni.

7. Maji. Mwagia asubuhi mapema ao jioni. Maji yaliyooshwa mchele na mboga ni mazuri. Maji ya klori ya kunawia mikono usiyamwage pale.

8. Kubadilisha. Mahali palipotoka lengalenga, panda maharagi. Mizizi ya maharagi ina vijidudu vinavyoshika azote ya hewa na kuirudisha udongoni. Baadaye panda tomati ao kitunguu. Usipande tomati juu ya tomati, magonjwa yatakungoja pale.

9. Wadudu. Wachume kwa mkono asubuhi, wakati wa baridi hawakimbii. Majivu yanasaidia. Wengine wanatwanga pilipili kali, wanalowesha usiku mmoja, wanachuja, wanatia sabuni kidogo na kunyunyizia. Lakini, wenzetu, hapa tunasema kwa nguvu: DAWA YA KAKAO USIITIE KWENYE MBOGA. Tunda la kakao lina ganda nene. Lengalenga haina ganda, unakula jani lenyewe. Tena chupa ya dawa ile isitumiwe kuchotea maji ya kunywa ao kuwekea mafuta, hata ukiiosha mara kumi.

10. Kutunza mbegu. Acha mashina mawili ao matatu yaliyo bora kuliko yote, usiyachume, yatoe maua. Watu wengi wanafanya kinyume: wanakula yaliyo mazuri na kuacha dhaifu yazae. Kausha mbegu kivulini, zitie katika chupa kavu pamoja na majivu, funga vizuri. Siku ukilazimika kukimbia, chupa ile inaingia mfukoni.

ASIYE NA UWANJA JE?

Mwenzetu mmoja alituuliza: "Sisi tumekimbia toka kijiji yetu, tunakaa kwa watu, chumba moja. Tutapanda wapi? Juu ya nyumba?" Ni ulizo la haki, na wengi hapa Mangina wako katika hali hiyo.

Jibu tulilipata kwa watu wa Nairobi. Katika Kibera, mtaa mkubwa wa watu maskini, nyumba zimebanana hata mtoto hana pa kuchezea. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007 watu walipigana katika Kenya, njia zikafungwa, chakula kikapanda bei. Mwaka 2008 shirika moja la Ufaransa, Solidarités, likaanza kueneza katika mitaa ile kazi ya kupanda mboga katika magunia. Familia nyingi zikapata sukuma wiki na mchicha, yaani lengalenga yetu, mlangoni penyewe.

Namna yake ni hii. Chukua gunia, pindua mdomo wake nje. Tafuta kopo kubwa lililotobolewa pande zote mbili, lisimamishe katikati ya gunia, lijaze mawe madogo. Kuzunguka kopo tia udongo uliochanganywa na mbolea. Ukijaza mpaka juu ya kopo, livute polepole, mawe yabaki. Lijaze tena, na hivyo mpaka gunia lijae. Mawe yale yanakuwa njia ya maji mpaka chini. Juu panda tomati ao vitunguu. Ubavuni toboa matundu madogo, mbalimbali kama kiganja, na katika kila tundu chomeka mche wa lengalenga. Gunia moja halichukui nafasi kuliko kiti, lakini linabeba mimea mingi kwa sababu linapandwa na pande zote. Maji ya kila siku ni lazima, kwa kuwa gunia linakauka upesi.

Nasi tunawaomba wenye nyumba wasikataze magunia haya. Mpangaji anayekula vizuri hauguiugui.

KUTOKA TUTA MPAKA SAHANI

Kulima bila kujua kupika ni nusu ya kazi. Osha majani mbele ya kuyakata, siyo nyuma, maana ukikata kwanza vitamini zinakwenda na maji. Lengalenga na matembele yapikwe muda mfupi, na maji kidogo, chungu kikiwa kimefunikwa. Sombe ni tofauti: itwangwe vizuri na kuchemshwa sana, kwa kuwa nayo ina sumu ya mihogo. Soya usiile mbichi. Ichemshwe ao ikaangwe kwanza, ndipo mwili unaweza kuitumia.

Tia mafuta kidogo. Vitamini A haiingii mwilini vizuri pasipo mafuta, na mafuta mekundu ya ngazi yenyewe yana karotini. Ukiyachoma mpaka yawe meupe umeiua. Tia tomati, ao kula chungwa ao papai pamoja na chakula, maana vitamini C inasaidia mwili kuchukua chuma kilicho katika majani na maharagi. Chai usinywe pamoja na chakula hicho, ngoja kwanza.

Mtoto akitimiza miezi sita aendelee kunyonya, lakini katika uji wake tia majani yaliyopondwa laini, maharagi yaliyochujwa, ao yai. Bado kuna wanaosema mtoto akila yai atakuwa mwizi. Tumeuliza wauguzi, wametucheka.

JEMBE SI MALIPIZI

Limebaki neno moja, nalo ni zito kuliko udongo. Wengi wetu wanafunzi tunaona jembe ni haya. Tunasoma ili tusishike jembe. Na tulipotafuta sababu, tuliona kwamba hatukujitungia wenyewe mawazo haya.

Katika mwaka 1917 serikali ya Wabelgiji iliweka amri ya kulimisha watu kwa lazima: pamba, mpunga, na mazao mengine yaliyotakiwa na wakubwa, na asiyelima alifungwa ao kupigwa. Wakati wa Mobutu ilikuwako salongo, ambayo ilianza kama kazi ya kujenga nchi na ikawa kazi ya kuogopa. Na katika shule nyingi mpaka leo mwanafunzi aliyechelewa anapewa jembe aende kufyeka nyuma ya choo. Kama jembe linashikwa na mwenye kosa tu, nani atalipenda?

Kwa hiyo tunaomba wakubwa wa shule, kwa heshima yote, watafute malipizi mengine. Kalamu hatupewi kwa sababu tumekosa. Jembe nalo lisiwe hivyo. Tena tunasema kwa ndugu zetu wavulana: kumwagia mboga maji si kazi ya dada pekee. Anayekula na mikono miwili anaweza kubeba ndoo na mikono ile ile.

Tuta letu la nyuma ya darasa ni dogo. Mara ya kwanza mbuzi walikula, mara ya pili tuliunguza wenyewe, mara ya tatu tukakata lengalenga na kugawana. Yule mwenzetu wa bundu na chumvi alibeba fungu lake katika jani la ndizi. Siku iliyofuata alirudi asubuhi mbele ya kengele, akauliza kama anaweza kupata mbegu.

Mbegu ziko. Anayezitaka aje siku ya Jumamosi baada ya saa nane nyuma ya darasa letu, aje na karatasi ya kufungia. Hatuuzi. Tunaomba jambo moja tu: ukivuna, acha mashina mawili yaliyo bora yatoe mbegu, nawe umpe jirani.

Sisi, wanafunzi wa kilabu cha bustani.